Mimba changa: kuitambua, kusoma kipimo na kuhesabu wiki bila kugombana

Karibu kila dalili ya mimba changa inafanana na dalili ya kitu kingine. Matiti kuuma ni mimba, na ni hedhi iliyo njiani. Kichefuchefu na mwili kulegea ni mimba, ni malaria, ni vidonda vya tumbo, ni usiku wa kukosa usingizi. Ndiyo maana kuna wanawake wanaomaliza dozi mbili za UTI na moja ya taifodi kabla ya mtu yeyote kuwauliza hedhi yao ya mwisho ilikuwa lini. Swali hilo moja lingeokoa dawa nyingi. Hapa tunaanza nalo, halafu tupite tatizo moja baada ya jingine jinsi watu wanavyokuja nayo.

Tafuta tarehe kabla ya kununua kipimo

Tarehe unayoitaka ni siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho iliyokuwa ya kawaida. Siku ya kwanza ni siku damu ilipoanza, si siku ulipokauka. Na iwe kweli ya kawaida, kwa wingi wake na kwa siku zake. Kwenye kadi ya kliniki utaona herufi LNMP, na ile N katikati inahusu ukawaida huo. Matone ya siku moja ambayo hayakuhitaji hata pedi ya pili usiyahesabu kuwa hedhi mpaka uwe na hakika.

Wengi husema hawakumbuki, lakini wakiulizwa vizuri wanakumbuka. Ilikuwa kabla ya Nane Nane au baada yake? Watoto walikuwa likizo? Mshahara ulikuwa umeshaingia? Nani alikuwa mgeni nyumbani? Kwa Mwislamu, Ramadhani ni kumbukumbu nzuri kuliko kalenda yoyote, kwa sababu anazijua siku alizokula na ambazo bado anadaiwa kuzilipa. Na simu nayo inatunza mengi: ujumbe wa kumwomba mdogo wako akupitie dukani akununulie pedi una tarehe yake.

Pamoja na tarehe hiyo, jua urefu wa mzunguko wako, yaani siku kuanzia hedhi moja inapoanza hadi nyingine inapoanza. Mwenye mzunguko wa siku 28 yai hutoka karibu na siku ya 14. Mwenye siku 35, karibu na siku ya 21. Kuanzia yai linapotoka mpaka hedhi inayofuata ni kama wiki 2 kwa wanawake wengi. Kinachorefuka au kufupika ni ile nusu ya mwanzo. Shika hili, kwa sababu nusu ya mikanganyiko iliyo hapa chini imezaliwa hapo.

Hedhi imechelewa, kipimo kina mstari mmoja

Mara nyingi sababu ni kwamba umepima mapema. Yai likisharutubishwa haliendi moja kwa moja kwenye ukuta wa kizazi. Linasafiri kwenye mrija, na hujishikiza siku 6 hadi 12 baada ya yai kutoka kwenye ovari. Mpaka lijishikize, homoni ya hCG, ambayo ndiyo kipimo kinaitafuta, bado haijaanza kuonekana. Ikianza, huongezeka karibu maradufu kila baada ya siku 2 hadi 3. Vipimo vingi vya mkojo vinavyouzwa maduka ya dawa huanza kuonyesha mstari homoni ikifika uniti 25 kwa lita. Kwa hiyo kipimo cha Jumatatu kinaweza kusema hapana na cha Ijumaa kikasema ndiyo, na vyote viwili vikawa vizima.

Mwenye mzunguko wa siku 35 anayepima siku ya 30 hajachelewa hata kidogo. Bado ana siku 5. Subiri wiki moja baada ya siku uliyotarajia hedhi ndipo uamini jibu la hapana. Kama mzunguko wako haueleweki, hesabu wiki 3 tangu tendo la mwisho lisilo na kinga.

Sababu ya pili ni upimaji wenyewe. Vile vipimo vya karatasi ni rahisi kutumia na ni rahisi kuviharibu. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye pakiti. Usiichane mpaka mkojo uwe tayari, kwa sababu unyevu wa hewa, hasa pwani, unaiathiri karatasi. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, uliokingwa kwenye chombo kikavu kisicho na sabuni. Aliyekunywa chupa nzima ya maji usiku ili mkojo upatikane amejiharibia, maana ameuzimua. Tumbukiza upande wenye mishale, mkojo usivuke ule mstari wa MAX, kwa sekunde zilizoandikwa kwenye pakiti, kisha ilaze mahali palipo sawa. Unaona rangi ya waridi ikipanda taratibu kama chai inavyopanda kwenye mkate. Mstari wa C lazima utokee; usipotokea, kipimo kimeharibika na hakuna jibu la kusoma, hata kama huo mwingine upo. Soma kati ya dakika 3 na 5. Kipimo ulichokiacha dirishani ukaenda sokoni usikisome ukirudi.

Na hapa niseme kuhusu sukari, chumvi na dawa ya meno, maana video zake hazikomi. Mkojo unapotoa povu ukichanganywa na dawa ya meno, ni tindikali ya mkojo inakutana na chokaa au magadi yaliyomo kwenye dawa hiyo. Mkojo wa mwanamume nao unatoa povu. Hakuna hCG inayohusika hapo. Kama unataka kipimo cha ajabu ambacho kweli kilifanya kazi, kilikuwa cha chura: karibu mwaka 1930 mwanasayansi Mwingereza Lancelot Hogben, akiwa Cape Town, alifungua njia ya kutumia vyura wa maji wa Afrika Kusini. Chura jike alidungwa mkojo wa mwanamke, na kama mwanamke ana mimba, chura alitaga mayai. Vyura hao walisafirishwa hadi hospitali za Ulaya na Marekani na walitumika kwa miongo kadhaa. Leo karatasi ya duka la dawa inafanya kazi ileile kwa dakika 5, kwa hiyo iacheni sukari ikae kwenye chai.

Kama umerudia baada ya wiki na bado ni mstari mmoja na hedhi haijaja, geukia sababu nyingine. P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, ni ya kwanza kuuliza, kwa kuwa inaweza kusogeza hedhi mbele au nyuma kwa siku kadhaa. Ikizidi wiki moja ya kuchelewa, pima. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3 inaweza kukausha hedhi kwa muda mrefu hata baada ya kuiacha. Kunyonyesha nako kunaikausha. Kupungua uzito ghafla, kuongezeka sana, msiba, mitihani, kazi ya zamu za usiku, ugonjwa wa tezi ya shingo, uvimbe mdogomdogo kwenye ovari, na umri wa kukaribia kukoma hedhi, vyote vinafanya hivyohivyo. Hedhi ikipotea miezi 3 na huna mimba, nenda hospitali. Usiendelee kununua vipimo.

Kuna hapana moja ya ajabu: mwanamke wa miezi 4, tumbo linaonekana, kipimo cha mkojo kinasema hana mimba. Hutokea. hCG hufika kileleni kati ya wiki ya 8 na ya 11, na wakati mwingine homoni na vipande vyake vinakuwa vingi kiasi cha kuizidi karatasi, mstari ukashindwa kujitokeza. Hapo unahitaji altrasaundi.

Mstari wa pili umepauka

Kama una rangi, hata hafifu, na umetokea ndani ya muda wa kusoma, uchukulie kuwa ni mimba. Kama ni kivuli cha kijivu kisicho na rangi, na ulikiona baada ya dakika 10 au zaidi, ni alama ya mkojo uliokauka. Njia ya kumaliza ubishi ni kurudia baada ya saa 48 kwa mkojo wa asubuhi, kwa kipimo cha aina ileile. Mimba inayoendelea itaukoleza mstari.

Ukififia badala ya kukolea, na hedhi ikaja imechelewa siku chache na nzito kidogo, huenda ilikuwa mimba iliyotoka mapema sana. Inatokea mara nyingi kuliko watu wanavyojua, na kwa kawaida si kwa sababu ya kubeba ndoo wala kupanda bodaboda. Mstari unaweza pia kuendelea kutokea wiki kadhaa baada ya mimba kutoka au kujifungua, kwa sababu homoni inachukua muda kuisha mwilini. Aliyechomwa sindano ya hCG kwenye matibabu ya uzazi atapata mstari usio wa mimba.

Kitu kimoja mstari hauwezi kukuambia ni wiki. Watu hupiga picha ya kipimo na kuuliza, "Hii ni ya miezi mingapi?" Mstari uliokolea unasema homoni ipo ya kutosha na mkojo haukuzimuliwa, basi.

Dalili ninazo, lakini sijui ni za mimba au za ugonjwa

Zipange kwenye kalenda. Matiti kujaa na chuchu kuuma zinaweza kuanza hata kabla ya hedhi kukosekana, ndiyo maana hazisaidii kutofautisha. Uchovu wa kulala saa 1 jioni huja mapema pia. Kichefuchefu kwa kawaida huanza karibu wiki ya 6 ikihesabiwa toka hedhi ya mwisho, hukolea karibu wiki ya 9, na kwa wengi hupungua kati ya wiki ya 12 na ya 16. Hiki cha kutapika siku 3 baada ya tendo si cha mimba. Mwili bado haujui lolote.

Halafu kuna zile ambazo daktari kijana huzisahau lakini shangazi yako hawezi kuzikosa. Mate kujaa mdomoni mpaka mtu anatembea na kopo. Kuchukia harufu ya kitunguu kinachokaangwa, au ya mume mwenyewe. Hamu ya udongo, ule unaouzwa sokoni kwa jina la pemba. Hamu hiyo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu, kwa hiyo itaje kliniki bila aibu. Udongo wenyewe unaweza kuwa na mayai ya minyoo na madini ya risasi, na unazuia madini chuma yasifyonzwe vizuri. Kukojoa mara kwa mara, kiungulia, choo kigumu na tumbo kujaa gesi vinafuata. Tumbo la wiki ya 7 linalofanya sketi ikatae kufunga ni gesi. Kizazi bado kimejificha ndani ya nyonga.

Kwenye kutofautisha, tazama yale ambayo mimba haiyaleti. Homa ya kweli ya nyuzi 38, kutetemeka, kuharisha, kuumwa wakati wa kukojoa, maumivu ya viungo: hizo ni za ugonjwa hata kama mimba ipo. Mtu anaweza kuwa na mimba na malaria kwa pamoja, na malaria kwa mjamzito ni hatari kuliko kwa wengine, kwa hiyo apimwe vyote viwili na amwambie mhudumu kuwa huenda ana mimba ili dawa ichaguliwe kwa kuzingatia hilo. Doksisaiklini, kwa mfano, si ya mjamzito. Mkorogo wa kung'arisha ngozi nao uache siku hiyohiyo, kwani baadhi una zebaki.

Kutapika kukizidi mpaka maji hayakai tumboni, mkojo ukawa kidogo na wa rangi ya chai nzito, na nguo zikaanza kupwaya, usiambiwe "ndiyo mimba hiyo, vumilia." Hiyo inahitaji dripu.

Damu imetoka, lakini mwili unasema mimba

Damu kidogo ya waridi au kahawia, siku 1 au 2, karibu na wakati wa kutarajia hedhi, inaweza kuwa ya mimba kujishikiza. Mtego wake ni kwenye hesabu. Mwanamke huiita hedhi, akiulizwa kliniki anaitaja hiyo, na mimba inahesabiwa pungufu ya wiki 4. Baadaye anaambiwa mtoto ni mkubwa kuliko umri wake. Ukiwa na shaka, mpe mkunga tarehe zote mbili na umweleze damu ilikuwaje, usimchagulie.

Aliye na kijiti au sindano anaweza kuona matone yasiyo na mpangilio bila mimba yoyote. Kipimo kitaamua.

Lakini damu yenye maumivu makali upande mmoja wa chini ya tumbo ni habari nyingine kabisa. Ikiambatana na kizunguzungu, kuzimia, jasho la baridi au maumivu kwenye ncha ya bega, fikiria mimba iliyotunga nje ya kizazi. Maumivu ya bega yanatokana na damu iliyomwagika ndani ya tumbo na kuchokoza chini ya kiwambo cha kupumulia, na wengi huyapuuza kwa kudhani wamelala vibaya. Mimba hiyo haiwezi kukua, na mrija ukipasuka mwanamke anaweza kufa kwa saa chache. Usisubiri asubuhi, usinywe dawa ya kutuliza ukalala, na usiende zahanati isiyo na upasuaji kama kuna hospitali unayoweza kuifikia. Hali hii inaweza kutokea hata kabla mtu hajajua kuwa ana mimba.

Kipimo kimekubali, altrasaundi haioni kitu

Uliza kwanza ni wiki ngapi toka hedhi ya mwisho, na kipimo kilipitishwa wapi. Kwa kipimo cha ukeni, mfuko wa mimba huonekana karibu na wiki ya 5 na mapigo ya moyo karibu na wiki ya 6 au zaidi kidogo. Kwa kipimo cha juu ya tumbo, ambacho ndicho kipo vituo vingi, ongeza kama wiki moja. Aliyepima mkojo siku 2 baada ya kukosa hedhi akakimbilia altrasaundi siku hiyohiyo ana mimba ya wiki 4 na siku kadhaa. Hakuna cha kuona, na pesa imeenda.

Kama huna maumivu wala damu, rudi baada ya siku 7 hadi 14. Kama unayo mojawapo, usirudi nyumbani na jibu la "hakuna kitu". Mimba ambayo haionekani kwenye kizazi wakati mkojo unasema ipo, inaweza kuwa imekaa kwingine. Hospitali kubwa watapima kiwango cha hCG kwenye damu na kukirudia baada ya saa 48 waone kinavyopanda.

Wala usikubali kusafishwa kizazi kwa picha moja ya mapema iliyosema "mfuko mtupu". Mwenye mzunguko mrefu anaweza kuwa nyuma ya hesabu kwa wiki nzima au zaidi, na mfuko uliokuwa mtupu leo ukawa na mtoto baada ya siku 10.

Kliniki wanasema wiki 10, mume alikuwa safarini

Hili limevunja ndoa ambazo hazikuwa na kosa, kwa hiyo twende nalo polepole.

Tuchukue mfano. Hedhi ilianza 5 Agosti 2025, siku 3 kabla ya Nane Nane. Mume ni dereva wa malori ya Lubumbashi. Alirudi kutoka Tunduma 17 Agosti. Tarehe 14 Oktoba mke anaenda kliniki, anaambiwa mimba ni ya wiki 10. Mume anachukua simu, anarudi nyuma wiki 10, anafika 5 Agosti. Yeye 5 Agosti alikuwa Kongo.

Hesabu ya kliniki ni sahihi, na mke hana kosa. Umri wa mimba hauhesabiwi toka siku ya tendo. Unahesabiwa toka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, siku ambayo mwanamke hakuwa na mimba kabisa, kwa sababu hiyo ndiyo tarehe ambayo damu inaiacha wazi. Siku yai lilipokutana na mbegu hakuna anayeiona. Wiki 2 za mwanzo za kila mimba duniani ni za kabla ya mimba. Wiki 10 za kliniki ni kama wiki 8 tangu kutunga. Rudi nyuma wiki 8 toka 14 Oktoba utafika 19 Agosti, siku 2 baada ya lori kuegeshwa.

Hapo pia pana uwazi wa siku kadhaa kila upande. Mbegu ya kiume inaweza kukaa hai mwilini mwa mwanamke hadi siku 5, yai huishi kama siku moja tu, na yai lenyewe halitoki kwa saa ya ukutani. Kwa hiyo picha ya altrasaundi hata iliyo nzuri haiwezi kumtaja baba kati ya wanaume wawili waliopishana siku chache. Anayetaka kujua hilo anahitaji kipimo cha vinasaba, na mtaalamu wa picha hapaswi kuingizwa kwenye kesi hiyo.

Kutafuta tarehe ya matarajio, jumlisha siku 7 kwenye siku ya hedhi, kisha rudi nyuma miezi 3 na uongeze mwaka mmoja. Tarehe 5 inakuwa 12. Agosti kurudi miezi 3 ni Mei. Kwa hiyo 12 Mei 2026. Ni siku 280, yaani wiki 40. Kanuni hii inaitwa kwa jina la Naegele, mkunga-daktari wa Ujerumani wa karne ya 19. Ukitumia miezi mingine inaweza kupishana na kile kigurudumu cha mkunga kwa siku 1 hadi 3 kwa sababu miezi hailingani, isikusumbue.

Sasa mfanye dada huyuhuyu kuwa na mzunguko wa siku 35. Yai limetoka karibu 26 Agosti, si 19. Jumlisha zile siku 7 za ziada: tarehe ya matarajio inakuwa 19 Mei, na 14 Oktoba mimba yake ni kama wiki 9 ingawa hesabu ya hedhi inasema 10. Picha itaonyesha mtoto wa wiki 9, na mtu atamwambia mtoto hakui. Anakua vizuri. Mwambie mkunga urefu wa mzunguko wako hata kama hajauliza.

Na achana na miezi. "Mimba ya miezi 3" kwa mmoja ni wiki 12, kwa mwingine ni wiki 9, kwa mama mkwe ni tangu alipoanza kuhisi. Sema wiki na siku.

Sina tarehe kabisa

Aliyebeba mimba akiwa ananyonyesha, kabla hedhi haijarudi, hana pa kuanzia. Inawezekana sana, kwa sababu yai la kwanza hutoka kabla ya damu ya kwanza. Kunyonyesha kunakinga vizuri tu mtoto akiwa chini ya miezi 6, ananyonya maziwa pekee usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Uji ukishaingia, kinga imelegea. (Na maziwa hayageuki sumu kwa sababu ya mimba mpya. Usimwachishe mtoto ghafla kwa hofu ya kumbemenda.) Vivyo hivyo kwa aliyeacha sindano: uwezo wa kushika mimba unaweza kuchukua miezi 9 au 10 kurudi, au ukarudi upesi bila hedhi kutangulia.

Kwa hawa, altrasaundi ya mapema ndiyo kila kitu. Kabla ya wiki ya 14 mtoto hupimwa urefu toka utosini hadi makalioni, na watoto wote wa umri huo wanalingana karibu sawa, wawe wa mrefu au wa mfupi. Hesabu ya wakati huo hukosea kwa siku 5 hadi 7 tu. Baada ya hapo watoto wanaanza kutofautiana, na baada ya wiki ya 28 picha inaweza kukosea kwa wiki 3. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apate angalau picha moja kabla ya wiki ya 24, na hudhurio la kwanza kliniki liwe ndani ya wiki 12. Kama pesa ni ya picha moja, ningeitumia mapema kuliko kungoja ile ya kujua jinsia.

Usipoipata, bado kuna mikono ya mkunga. Kizazi huanza kuguswa juu ya mfupa wa kinena karibu wiki ya 12, hufika kitovuni karibu wiki ya 20, na karibu na chembe ya moyo wiki ya 36. Mtoto kucheza kwa mara ya kwanza husikika kati ya wiki ya 18 na 20 kwa mimba ya kwanza, na wiki 2 hivi mapema kwa aliyewahi kuzaa. Andika siku hiyo.

Tumbo na wiki havilingani, au picha mbili zinapingana

Tumbo kubwa kuliko wiki: sababu ya kawaida ni tarehe iliyokosewa, na ya pili, usicheke, ni kibofu kilichojaa. Baada ya hapo fikiria mapacha na uvimbe kwenye kizazi. Tumbo likiwa kubwa, kutapika kumezidi na damu inatoka kidogokidogo, ni lazima kuondoa shaka ya mimba zabibu, ambayo haina mtoto wa kukua na inahitaji kutolewa na kufuatiliwa hospitali kwa miezi. Tumbo dogo: yai lilichelewa kutoka, au mimba imesimama kukua, na picha mbili zilizoachana wiki 1 au 2 zitasema ni ipi. Dalili kupotea ghafla wiki ya 8 kunatisha, ila peke yake hakuthibitishi lolote.

Picha zikipingana, ya kwanza ndiyo inayoshikiliwa. Mama anapima wiki ya 9 anapewa 12 Mei, anapima wiki ya 32 anapewa 28 Mei, na familia nzima inahamisha safari ya bibi. Picha ya wiki ya 32 inasema ukubwa wa mtoto leo. Haina haki ya kubadilisha tarehe iliyopatikana mapema. Mtoto akionekana mdogo kwa tarehe hiyo, swali la kumuuliza daktari ni kama anakua vizuri, na hilo linapotea kabisa tarehe ikisogezwa ili ilingane naye. Weka karatasi ya picha ya kwanza ndani ya kadi na uibebe kila hudhurio.

Tarehe yenyewe ikishapatikana, wanaojifungua siku hiyo hasa ni wachache, kama 4 au 5 katika kila 100. Uchungu wowote kati ya wiki 37 na 42 upo ndani ya kawaida. Ukianza kabla ya 37, nenda kituoni mara moja. Ukifika wiki 41 hujasikia kitu, nenda pia, na ile karatasi ya picha ya kwanza mkononi, kwa sababu uamuzi wa kukuanzishia uchungu au kusubiri utategemea tarehe iliyoandikwa pale.